Harvest Moon ya Neil Young barazani Kirumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwezi, Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu, tunakaa barazani hapa Kirumba, Mwanza, tukisikiliza albamu moja tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka. Safari hii ni zamu ya Harvest Moon ya Neil Young. Maswali yamekuwa mengi kwenye kundi la WhatsApp, mengine naulizwa nikiwa kwenye daladala, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Asiyeridhika aje na swali lake siku yenyewe.

Harvest Moon ni nini?

Ni albamu iliyotoka mwaka 1992. Ina nyimbo 10, dakika 51 na ushee. Karibu zote zimejengwa juu ya gitaa la galatoni (lile lisilo la umeme), harmonika, besi ya taratibu na dramu zinazopigwa kwa heshima. Aliyezoea roki ya kupasua spika atadhani kuna mtu kachomoa waya wa amplifaya.

Neil Young ndiye nani? Mbona redioni sijawahi kumsikia?

Ni Mkanada, mzaliwa wa Toronto, Novemba 1945. Utotoni aliugua polio akapona. Katikati ya miaka ya 1960 alihamia California, akawa katika bendi ya Buffalo Springfield, kisha akaungana na Crosby, Stills na Nash. Pembeni akawa na kundi lake la vurugu, Crazy Horse, ambalo kwa miongo mingi limepiga magitaa ya umeme kwa sauti ya kutisha.

Redio zetu zilimpenda Jim Reeves, zikampenda Don Williams, zikampenda Dolly Parton. Roki haikupata kiti. Ndiyo maana mtu wa Mwanza anaweza kufika miaka 50 akijua nyimbo kumi za Don Williams kwa moyo na asiujue wa Neil Young hata mmoja.

Kama ni mtu wa roki, mbona hapa kapoa hivi? Uzee?

Alipotoa albamu hii alikuwa anaingia miaka 47. Huo si uzee, hata kwa mwanamuziki.

Sababu inayojulikana zaidi ni masikio. Mwaka 1990 alitoa Ragged Glory akiwa na Crazy Horse, na mwaka 1991 wakazunguka Marekani wakiipiga kwa kelele zisizo na huruma. Ilikuwa wakati wa Vita vya Ghuba, na magitaa yalipigwa kana kwamba vita viko jukwaani. Kutokana na ziara hiyo ilitoka albamu ya Weld, na pamoja nayo Arc, ambayo ni takriban dakika 35 za mivumo na milio ya magitaa yaliyoachwa yapige kelele mbele ya spika. Neil Young ndiye aliyekaa studio akizisikiliza rekodi hizo tena na tena akizipanga. Alipomaliza, masikio yalikuwa yanavuma yenyewe, na sauti kubwa ikawa maumivu. Akasema wazi kwamba anahitaji muziki wa chini.

Mimi naikubali habari hiyo, ila naona inaeleza nusu tu. Masikio yanaeleza kwa nini sauti iko chini. Hayaelezi kwa nini nyimbo ni hizi. Baadhi alikuwa amezianza miaka mingi nyuma, akaziweka kabatini. Tena kuanzia mwaka 1986, yeye na mkewe Pegi walikuwa wakiandaa tamasha la kuichangia Bridge School, shule ya California ya watoto wenye ulemavu mkubwa wa viungo na wa kuzungumza, na kanuni ya tamasha lile ilikuwa ala zisizo za umeme. Kwa hiyo mkono wake ulikuwa umeshazoea galatoni. Masikio yalipogoma, nyimbo zilikuwa tayari zimepanga foleni.

Mwaka huo wa 1992 alizunguka peke yake, mtu na magitaa yake, akiziimba mbele ya watu kabla albamu haijatoka. Rekodi za ziara ile zilitoka mwaka 2009 kwa jina la Dreamin' Man Live '92. Ukizisikia utaona nyimbo zinasimama bila bendi. Nikipata mtunzi nisiyemjua, hicho ndicho kipimo ninachotumia kwanza: wimbo wako ukibaki na gitaa moja, bado ni wimbo?

Nasikia ni mwendelezo wa albamu nyingine. Lazima niisikie hiyo kwanza?

Si lazima, ila kisa chake ni kitamu.

Mwaka 1972 Neil Young alitoa Harvest, na ndiyo iliyouzwa kuliko albamu zote Marekani mwaka ule. Wimbo wake mmoja ulifika namba moja. Wengine wangebaki palepale wakivuna. Yeye alikimbia, akaanza kutoa albamu za giza na makelele, na mashabiki wa Harvest wakabaki wanamsubiri arudi.

Alirudi baada ya miaka 20, na hakurudi peke yake. Aliwaita walewale. Ben Keith kwenye lile gitaa linalolazwa mbele ya mpigaji, lenye pedeli za miguu. Tim Drummond kwenye besi. Kenny Buttrey kwenye dramu. Kwenye kinanda alimleta Spooner Oldham. Waitikiaji ni Linda Ronstadt na James Taylor, ambao waliitikia pia kwenye Harvest, akaongezwa Nicolette Larson na dada yake Neil, Astrid. Kwa hiyo unaposikiliza unawasikia watu waliokuwa vijana pamoja, sasa wana mvi, wanapiga polepole kwa sababu hakuna anayetaka kumpita mwenzake.

Leo hii inasikika kwa namna nyingine kabisa. Nicolette Larson alifariki mwaka 1997, Kenny Buttrey 2004, Ben Keith 2010, Tim Drummond 2015. Linda Ronstadt yu hai, lakini maradhi yalimnyang'anya sauti ya kuimbia. Anayesikiliza kwa mara ya kwanza hana haja ya kuyajua haya. Anayesikiliza mara ya tano nadhani anayahitaji.

Ni kama Jim Reeves na Don Williams?

Swali hili ndilo linaloongoza, na linaulizwa zaidi na wazee wetu wa Pasiansi na Igogo.

Kwa ala, ndiyo, kuna undugu. Lile gitaa la kulazwa la Ben Keith, linalovuta noti moja kwenda nyingine bila kuonyesha kiungo, ndilo mnalolijua kutoka kantri. Mzee anayempenda Don Williams hatajisikia mgeni hata kidogo.

Kwa sauti, jiandaeni. Jim Reeves aliimba kwa sauti nzito iliyopigwa pasi. Neil Young anaimba kwa sauti nyembamba, ya juu, yenye kutetema, na kuna mahali utadhani itakatika. Wapo wanaoichukia tangu mstari wa kwanza. Siwalazimishi. Ila mpeni hadi wimbo wa nne.

Ule mchakacho kwenye wimbo wenye jina la albamu ni wa nini? Nilidhani spika yangu imeharibika.

Spika yako ni nzima. Ni fagio.

Larry Cragg, mtunza magitaa wa Neil Young, ameandikwa kwenye maelezo ya albamu kuwa mpiga fagio. Sikiliza chini ya dramu: kuna kitu kinakwaruza, chwa, chwa, kwa mapigo yaleyale tangu mwanzo. Wangeweza kutumia kayamba au brashi za dramu, na wimbo ungekuwa mzuri tu. Lakini fagio lina uzito wake, linaburuza kidogo kabla ya kuachia, na ule mburuzo ndio unaoufanya wimbo ucheze bila haraka. Kila mwanamke aliyefagia uwanja alfajiri na mapema anaijua sauti hiyo kuliko produsa yeyote. Tutakapofika wimbo wa nne, nyamazeni mlisikie.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nyimbo zinahusu nini?

Kwa ufupi, zinahusu watu waliokaa pamoja muda mrefu na bado wanajaribu. Si mapenzi ya kuona-na-kuzimia.

Wimbo wa kwanza, Unknown Legend, unamhusu mwanamke aliyekuwa akihudumia wateja mgahawani, mpenda pikipiki na upepo wa barabarani, ambaye sasa ana watoto wa kulea. Pegi mwenyewe aliwahi kuhudumu mgahawani karibu na shamba la Neil Young kule California, na ndiko walikokutana. Wa pili ni wa ndoa iliyochoka, mume anajiuliza kama na wao wataishia kama wengine wote. Wa nne mnaujua: mume anamwomba mkewe wacheze tena nje, kwenye mbalamwezi.

Old King ni wa mbwa. Neil Young alikuwa na mbwa aliyeitwa Elvis, kwenye wimbo kambatiza King, na banjo inachangamka kana kwamba mbwa mwenyewe ndiye anayetikisa mkia. Watoto wataupenda.

Kuna mmoja unaodanganya watu: Dreamin' Man. Umekaa kitamu, wanaitikia vizuri, unatikisa kichwa. Kumbe anayeimba ni mtu aliyeegesha gari pembeni jioni, ana bunduki yenye risasi, anamwota mwanamke. Nimeona watu wakiuimba kwenye sherehe.

Ninaoupenda kuliko wote ni One of These Days. Mtu anasema siku moja atakaa chini awaandikie marafiki zake wa zamani barua ndefu, awashukuru. Ndivyo hivyo tu. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba barua haijaandikwa bado, na umri unakwenda. Nina majina matatu kwenye simu ambayo huja kila unapopigwa wimbo huu.

Wa mwisho, Natural Beauty, ulirekodiwa jukwaani mbele ya watu, unapita dakika 10, na unalia juu ya uumbaji unaoharibiwa. Sisi tulioyaona magugu maji yakifunga mwalo hadi mtumbwi ukashindwa kutoka hatuhitaji tafsiri.

Lakini si aliachana na huyo mke? Sasa wimbo una maana gani?

Ni kweli. Walioana mwaka 1978, wakaachana mwaka 2014, na Pegi alifariki tarehe 1 Januari 2019. Neil Young alishaoa tena kabla ya hapo.

Dada mmoja aliniuliza hili kwa hasira kidogo, kana kwamba amedhulumiwa yeye. Nilichomjibu ni kwamba wimbo uliandikwa na mtu aliyekuwa kwenye ndoa ya miaka 14, na mwaka ule alisema kweli. Tena rudi kwenye wimbo wa pili, ule wa ndoa iliyochoka. Hofu ya kuachana imo ndani ya albamu ileile, nyimbo mbili tu kabla ya wimbo wa kucheza mbalamwezini. Hakuficha. Mimi naona kujua mwisho wao kunaupa wimbo uzito zaidi, na wanaofunga ndoa wakitaka kuupiga ukumbini waupige tu.

Kuna wimbo mbovu?

Such a Woman. Mpangaji wa ala, Jack Nitzsche, aliweka fidla nyingi mno, sukari juu ya asali. Hatutauruka, maana kanuni ni kanuni, lakini huo ndio wakati mzuri wa kwenda kuongeza chai.

Huo mwezi wa mavuno unaonekana Mwanza?

Mwezi mpevu tunauona wote. Jambo la pekee lipo kwao kaskazini. Ni mwezi mpevu ulio karibu na tarehe 22 au 23 Septemba, siku ambazo usiku na mchana hulingana. Kwa kawaida mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Kule mbali na ikweta, majira hayo uchelewaji hupungua sana, kwa hiyo jioni kadhaa mfululizo mwezi hutoka mara tu jua linapozama, na wakulima waliweza kuendelea kuvuna baada ya giza.

Sisi tuko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, tofauti hiyo haionekani. Na Septemba Usukumani si mwezi wa kuvuna: pamba imeshauzwa, mashamba yanasubiri mvua za vuli.

Sasa kwa nini tunakutana mwezi ukiwa mpevu?

Kwa sababu ya wavuvi wa dagaa, na jambo hili lilianza kabla hatujawahi kumsikiliza Neil Young.

Dagaa wanavuliwa gizani. Unawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola, dagaa wanakusanyika kwenye mwanga, unazungusha nyavu. Mwezi ukijaa, ziwa zima linakuwa na mwanga, dagaa wanatawanyika, taa yako haina kazi. Ndiyo maana siku za mbalamwezi wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanarudi kwa familia zao. Nusu ya wenzetu barazani ni watu wa Mwaloni, soko la samaki. Tukikutana giza likiwa limetanda, wao wako majini.

Kwa hiyo mvuvi wa dagaa ana sababu yake ya kuuelewa wimbo wa nne bila kufundishwa. Mwezi ukiwa mkubwa, yuko nyumbani na mkewe.

Mbona mnaweka sauti chini? Jirani yenu wa baa anawashinda.

Anatushinda, na tumeongea naye, atapunguza hadi saa tatu usiku. Sauti tunaiweka kiwango cha mazungumzo. Albamu iliyotengenezwa na mtu anayeumwa masikio haipigwi kwa spika za harusi. Ukiipandisha utasikia gitaa na sauti tu, halafu fagio, vidole kwenye nyuzi na pumzi za waitikiaji vyote vinapotea.

Umeme ukikatika?

Tuna betri ya sola inayotosha albamu nzima.

Kiingilio, watoto, vinywaji, kucheza?

Hakuna kiingilio. Watoto waje. Chai ipo, mihogo ipo, bia utaiacha kwa jirani. Kucheza ruksa kuanzia wimbo wa nne, taratibu, na uliyekuja naye.

Naweza kuisikia mapema kwa simu?

Ndiyo. Ipo kwenye huduma za kusikiliza muziki mtandaoni. Aliyeitafuta Spotify kati ya Januari 2022 na Machi 2024 akaikosa hakuwa na tatizo la bando: Neil Young alikuwa ameziondoa nyimbo zake kwa kupinga habari potofu za chanjo ya UVIKO zilizokuwa zikirushwa kwenye kipindi kimoja cha huko. Baadaye akazirudisha.

Ninachoomba ni kimoja: usiisikilize kwa spika ya simu. Besi ya Tim Drummond haitoki mle. Azima hata earphone.

Nikiipenda, nisikilize nini baadaye?

Kwa Neil Young mwenyewe, Comes a Time ya mwaka 1978, ambayo Nicolette Larson anaimba sana ndani yake, na Prairie Wind ya 2005, aliyoitengeneza Nashville wakati madaktari wamegundua uvimbe kwenye mshipa wa damu wa ubongo wake. Kwa wengine, Nebraska ya Bruce Springsteen, 1982, iliyorekodiwa nyumbani kwa mashine ndogo ya kaseti. Hiyo ni kavu na ya giza, usiisikilize ukiwa na madeni.

Na msisahau kwamba galatoni tunayo sisi wenyewe. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Katanga akiwa na gitaa moja, akiimba Kiswahili, na wapigaji wa Afrika Mashariki wakajifunza vidole kutoka kwake. Mwezi ujao ni zamu yake.

Nije na gitaa langu?

Njoo nalo. Baada ya albamu tunapiga wenyewe. Kwa wimbo wa nne, legeza uzi wa sita, ule mnene, kutoka E ushuke D, nyingine ziache. Mchezo mzima unazunguka kodi (chord) ya D: kidole kimoja au viwili vinasogea kwenye nyuzi nyembamba huku ile D nene ikivuma chini, kisha unarudi. Mwanafunzi wa miezi miwili anaumudu. Legeza uzi kabla hujafika, maana mwezi uliopita tulitumia nusu saa tukisubiri watu wanne wapatane sauti, na mihogo ikapoa.